Spishi Funge: Istilahi ya Soko la Wahusika wa Kubuni

Msanii wa kidijiti anachora paka mkubwa ambaye hajapata kuishi duniani. Kiwiliwili ni cha chui wa theluji, na mkia ni ule ule mrefu wa kujifunikia wakati wa baridi, ila madoa yanang'aa gizani na kichwani pana pembe mbili zilizopinda kuelekea nyuma. Anawapa viumbe hao jina, anaeleza wanaishi wapi na wanakula nini, kisha anatangaza kuwa hakuna mwingine anayeruhusiwa kubuni mhusika wa aina hiyo mpaka anunue kwake au apewe ruhusa. Wasanii wa DeviantArt, mtandao wa sanaa ulioanzishwa Marekani mwaka 2000, huiita aina kama hiyo closed species. Kwa Kiswahili, jina linaloifaa ni spishi funge.

Neno spishi halina ubishi, maana limo katika vitabu vya biolojia vya shule zetu. Kazi iko kwenye neno la pili. Wapo watakaosema "spishi iliyofungwa", lakini kwetu duka likifungwa haliuzi tena, na mtu aliyefungwa yuko gerezani. Spishi hizi zinauzwa kila siku. Funge ni neno ambalo tayari lina kazi katika taaluma zetu. Wanaisimu wana mofimu funge, isiyosimama bila kuambatana na nyingine. Watafiti wana maswali funge, ambayo majibu yake yamewekewa mipaka na muulizaji. Maana hii ya pili ndiyo tunayoihitaji: aliyeunda ndiye anayeweka mipaka. Kinyume chake ni spishi huria, ambayo yeyote anaweza kuibunia wahusika bila kuomba, kama tunavyosema programu huria. Katikati kuna spishi nusu funge: sifa za kawaida ni za watu wote, sifa adimu zinauzwa.

Uadimu ndio uti wa mgongo wa biashara hii. Mbunifu hutoa mwongozo wa spishi, mchoro wenye maelezo unaopanga sifa kwa madaraja. Masikio ya mviringo, tuseme, ni ya kawaida. Pembe ni adimu. Mabawa ni adimu sana na hutolewa kwa nadra, labda kwa mnada peke yake. Mnunuzi asiyetaka mhusika aliyekwisha kuchorwa hununua kibali cha kubuni: anachora mwenyewe ndani ya daraja alilolipia, mwenye spishi anakagua, kisha mhusika anaingizwa katika daftari kuu pamoja na jina la mmiliki wake. Asiyekuwamo humo hatambuliwi.

Mwongozo mzuri huanzia kwa wanyama halisi. Jenasi ya Panthera ina spishi tano: simba, chui, chui milia, jaguar na chui wa theluji. Madoa ya jaguar mara nyingi yana vitone ndani yake, ya chui kwa kawaida hayana. Chui wa theluji hangurumi kama simba. Duma yuko nje kabisa ya jenasi hiyo, na kucha zake hazirudi ndani kikamilifu. Msanii anayezijua tofauti hizi akiamua kuvunja mojawapo, jicho la mtazamaji linakubali. Asiyezijua huishia kumbandika simba mabawa, na hiyo naiona ni pambo tu, si spishi.

Mhusika aliyechorwa tayari kwa kuuzwa anastahili jina lake pia. Kiingereza kimeazima lugha ya kulea watoto, nasi tunaweza kufuata njia hiyo hiyo: mhusika wa kuasili, kama sheria zinavyosema kuasili mtoto. Tahadhari iwe kwa jirani yake, mhusika asilia, yaani aliyebuniwa na mtu mwenyewe badala ya kutolewa katika filamu au kitabu cha mwingine. Maneno haya mawili yana mzizi mmoja na yanachanganyika upesi, kwa hiyo tangazo la mauzo liyaandike kwa ukamilifu. Likiwa la mnada, litaje bei ya kuanzia, nyongeza ya chini na bei ya kumaliza mnada papo hapo. Na kama malipo ni kwa pointi za DeviantArt, pointi 80 ni sawa na dola 1.

Jambo zito zaidi ni hili. Baadhi ya wauzaji huandika kwamba spishi yao "ina hakimiliki", na mfasiri asiye mwangalifu hulibeba neno hilo kama lilivyo. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hulinda mchoro, maandishi na mhusika aliyechorwa kwa upekee wa kutosha. Hailindi wazo, na "paka mkubwa mwenye pembe na madoa yanayong'aa" ni wazo. Anayenakili mchoro wako anaweza kushtakiwa. Anayechora paka wake mwenyewe mwenye pembe ataondolewa katika jumuiya na jina lake litawekwa kwenye orodha ya waliozuiwa, basi. Kufungika kwa spishi kunatokana na makubaliano ya wanunuzi na mwenye spishi, na makubaliano hayo yana nguvu kadiri watu wanavyoyaheshimu. Hata hakimiliki ya mchoro haihami kwa malipo peke yake: sheria hiyo hiyo inataka hati iliyotiwa saini na mwenye haki.

Kenya iliingia katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki ambamo Marekani nayo imo, mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, kwa hiyo mchoro wa msanii wa Mombasa au Mwanza unalindwa Marekani pia. Ewe msanii, ukiandika masharti yako ya mauzo kwa Kiswahili, neno hakimiliki liweke kwenye michoro yako, na spishi uiite funge. Mnunuzi ajue analipia nini kabla hajatuma pesa.