Maji ya Mkonge na Siku ya Kuzaliwa

Jani la mkonge likipita kwenye korona, kinachotoka upande wa pili kama singa ni asilimia nne au tano tu ya uzito wake. Yanayobaki ni maji ya kijani na makapi, na kwa miongo mingi katika mashamba ya Korogwe, kuanzia Hale hadi Mazinde, hayo yalikuwa ya kutupa. Yaliachwa yatiririke mitaroni, yakaoza, yakanuka. Wakata mkonge waliyajua pia kwa sababu nyingine: yanawasha. Yakikupata shingoni au mkononi, utajikuna mpaka jioni.

Mwaka 1951 wanakemia wa Uingereza, akiwemo kijana kutoka Australia aitwaye John Cornforth, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine, walichapisha taarifa fupi kuhusu uchafu huo. Walisema kwamba ndani ya maji ya mkonge wa Afrika Mashariki kuna hekojenini, na kwamba hekojenini inaweza kugeuzwa kuwa homoni.

Ili kuelewa kwa nini habari hiyo ilikuwa kubwa, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Marekani aliwachoma wagonjwa wa baridi yabisi sindano ya kotisoni, na watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani wakaanza kutembea. Dunia nzima ikaitaka dawa hiyo, lakini haikupatikana. Wakati huo ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya thelathini za kikemia, na mgonjwa mmoja alihitaji nyongo ya ng'ombe wengi mno. Wamarekani walikuwa na njia nyingine, kiazikikuu cha mwituni kutoka Mexico, kilekile ambacho baadaye kilizaa vidonge vya kwanza vya uzazi wa mpango. Waingereza hawakuwa na kiazi hicho. Walichokuwa nacho ni Tanganyika, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mkonge duniani, iliyofikia karibu tani 200,000 kwa mwaka wakati wa Uhuru. Na mkonge wote huo, kwa masimulizi yanayokubalika, ulitokana na miche 62 iliyosalimika safari ya kutoka Florida kupitia Hamburg mwaka 1893, ilipoagizwa na Mjerumani Richard Hindorf.

Homoni nyingi zinazotawala uzazi, iwe kwa mwanamke wa Handeni au kwa mbuzi wake, ni ndugu wa ukoo mmoja. Projesteroni inayotuliza tumbo la uzazi, estrojeni inayoliamsha, testosteroni ya dume, na kotisoli inayotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo: zote zimejengwa juu ya pete nne za kaboni zilizoshikana. Mwili huzijenga kutokana na kolesteroli. Hekojenini nayo ina pete hizohizo, na zaidi ya hapo ina oksijeni kwenye nafasi ya 12. Kotisoni inaihitaji kwenye nafasi ya 11. Kuisogeza nafasi moja ni kazi ngumu, lakini inawezekana, na kiazi cha Mexico hakikuwa na oksijeni yoyote mahali hapo. Basi maji ya korona yakaanza kuchachushwa, tope lake likachemshwa na asidi na kukaushwa, na kampuni ya Glaxo ikatengeneza kutokana nalo dawa za ukoo wa kotisoni, ikiwemo betamethasoni. Betamethasoni, tukumbuke, ndiyo iliyomo kwenye mafuta ya kupaka ya kutuliza ngozi inayowasha.

Waliokuwa wakikata majani hayo waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Walitoka mbali, Kigoma, Songea, hata Rwanda na Burundi, wakihesabiwa siku kwenye kipande: kadi moja, siku 30 za kazi. Wazigua wa Handeni wengi waliikwepa ajira hiyo na kubaki na mahindi yao, mbuzi, na ng'ombe wachache pale mbung'o alipowaruhusu. Sijui kama kuna historia ya dawa iliyoandika jina la manamba hata mmoja.

Sasa twende New Zealand, maana huko ndiko homoni za ukoo huu zilikokutana na swali la uzazi. Graham Liggins, daktari wa wanawake mjini Auckland, alikuwa akiuliza jambo linaloonekana la kitoto: nani anaamua siku ya kuzaliwa? Kondoo hubeba mimba siku kama 147, mbuzi 150, ng'ombe 283, binadamu 280. Je, ni mama anayehesabu? Liggins na wenzake waliharibu tezi ya pituitari ya mwanakondoo akiwa bado tumboni, na mimba ikapitiliza siku zake. Walipompa mwanakondoo kotisoli kabla ya wakati, alizaliwa mapema. Kwa kondoo, basi, anayeamua ni mtoto. Akikomaa, tezi zake hutoa kotisoli, na kotisoli hiyo hubadilisha kazi ya kondo la nyuma.

Lakini Liggins aliona na jambo ambalo hakulitafuta. Wanakondoo waliozaliwa mapema mno, ambao walipaswa kufa kwa kukosa pumzi, baadhi walikuwa wanapumua. Kotisoli ilikuwa imekomaza mapafu yao, ikiwafanya watoe ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandane. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie walitoa matokeo ya kuwachoma betamethasoni wajawazito waliokuwa hatarini kujifungua kabla ya wakati. Wanawake walikuwa 282. Vifo vya watoto katika siku za mwanzo vilishuka kutoka asilimia 15 hadi 3.2.

Hapa ndipo ninapopenda kusimama, kwa sababu dawa hizi zinafanya mambo mawili yanayopingana. Mchome ng'ombe mwenye mimba kubwa deksamethasoni, ndugu wa karibu wa betamethasoni, naye anaweza kutupa mimba. Mchome mwanamke, na mimba haitoki kwa sababu hiyo. Mtoto anaandaliwa tu kupumua. Tofauti iko kwenye kondo la nyuma. La kondoo lina kimeng'enya ambacho kotisoli hukiamsha, nacho huigeuza projesteroni kuwa estrojeni: kilichokuwa kinatuliza kinakwisha, kinachoamsha kinaongezeka. Kwa mbuzi, projesteroni yote hutoka kwenye kinundu cha manjano kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka, na ishara ya mtoto huishia kukinyausha. Ng'ombe naye hukitegemea kinundu hicho kwa sehemu kubwa. Kondo la binadamu huanza kutengeneza projesteroni ya kutosha tangu karibu wiki ya nane, na kimeng'enya kile halina. Ishara inafika, haina pa kushika.

Biashara ya hekojenini ya mkonge haikudumu na utukufu wake. Bei ya mkonge ilianguka katikati ya miaka ya 1960 nyuzi za plastiki zilipoingia, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na viwanda vya dawa vikapata malighafi nyingine, ikiwemo soya inayofanyiwa kazi na vijidudu. Hale sasa makapi yamewahi kutumika kuzalisha gesi na umeme.

Dawa zenyewe zilirudi, kwa njia ya dukani. Deksamethasoni iko katika hospitali, kwa ajili ya watoto njiti, na iko katika maduka ya dawa za mifugo, ambako mfugaji anaweza kuinunua kwa ajili ya ng'ombe aliyevimba au asiyekula. Kote, kabla ya sindano, swali la kwanza linapaswa kuwa moja: mimba ina muda gani? Korogwe, katika mabanda ya ng'ombe wa maziwa wanaopandishwa kwa mrija, kuna kadi yenye tarehe. Handeni, dume hutembea na kundi porini na hakuna anayeandika. Mjamzito naye huulizwa siku ya hedhi yake ya mwisho, na kama alishika mimba akiwa ananyonyesha, huenda hedhi ilikuwa bado haijarudi, kwa sababu homoni ya maziwa ilikuwa inalizuia yai. Hapo muuguzi hupima kimo cha tumbo kwa futi, huangalia kadi ya kliniki kama ipo, na huamua.