Waliotufumbulia nyimbo kabla ya podikasti

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu mjini Garissa, ana tabia ya kunitumia video usiku wa manane. Ni video za vijana wanaokaa mbele ya maikrofoni, wakaucheza wimbo mstari mmoja, wakausimamisha, kisha wakaeleza: neno hili lina maana gani, aliyetunga ni nani, alikuwa akimsema nani. Nyingi ni za Kisomali, naye hunifasiria. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba zimeninasa. Mzee mzima nalala saa nane!

Wamarekani wana podikasti iitwayo Song Exploder, iliyoanza 2014, ambamo wasanii huzifumua nyimbo zao kipande kwa kipande. Watu huizungumzia kama uvumbuzi. Kwa aliyeishi Garissa miaka ya themanini, hakuna jipya hapo ila simu.

Mimi nilifika huko 1985, mwalimu kijana wa Kiswahili. Jioni tulikuwa tukikaa kwenye hoteli moja ya chai, redio kaseti juu ya kaunta. Wimbo ukiisha, dereva mmoja wa lori alikuwa akimwashiria mwenye hoteli auzime mtambo, kisha akaanza kueleza. Watu waliacha vikombe. Wengine walimpinga, wakarudisha kanda nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri, wakasikiliza tena. Mstari mmoja ungeweza kula saa nzima.

Kwamba alikuwa dereva wa lori linafaa kukumbukwa. Wimbo wa kisasa wa Kisomali wenyewe unahusishwa na dereva wa lori, Abdi Sinimo wa Borama, ambaye miaka ya arubaini alieneza tungo fupi za mapenzi zilizoitwa balwo. Masheikh walizikemea, vijana wakazikariri. Baadaye beti zilirefushwa, Abdullahi Qarshe akatia udi, na aina hiyo ikaja kuitwa heello. Mmarekani John William Johnson aliandika kitabu kizima kuihusu mwaka wa 1974, na moja ya hoja zake kuu ni kwamba mapenzi ya nyimbo hizo mara nyingi hayakuwa mapenzi. Mpenzi aliyetengwa na mwenziwe angeweza kuwa nchi iliyogawanywa na mkoloni.

Wasomali huita usemi huo sarbeeb. Sisi tuna fumbo, na tuna bahati ya kuwa na kitenzi cha kulifungua: kufumbua, kile kile cha macho. Waandishi wetu siku hizi hupenda "kuchambua" wimbo, neno la watu wa pamba, karafuu na mboga, la kuondoa takataka. Sina ugomvi nalo, lakini anayechambua hutupa kitu, na katika wimbo wa mafumbo sijui utatupa kipi. Wapenzi wa taarabu wananielewa. Siti binti Saad alirekodi sahani zake Bombay mwaka wa 1928, na hadi leo Unguja kuna watu wanaoulizana wimbo fulani ulimlenga nani.

Tofauti ni kwamba Garissa, kufumbua kulikuwa na hatari yake. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, mwanzoni mwa vita vilivyoitwa vya Shifta, na ingawa mapatano yalifikiwa Arusha 1967, sheria zake hazikufutwa hadi 1991. Serikali ya Nairobi ililalamikia matangazo ya Redio Mogadishu kama silaha. Nilipofika mimi, mauaji ya Wagalla, kule Wajir, yalikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Watu walijua ni wimbo gani wa kufasiriwa kwa sauti na ni upi wa kufasiriwa nyumbani.

Ng'ambo ya mpaka nako kulikuwa hivyo hivyo. Mshairi Hadraawi alifungwa kutoka 1973 hadi 1978 kwa sababu ya tungo zake. Mwishoni mwa 1979 Gaarriye alianzisha malumbano yaliyoitwa Deelley. Jina hilo linatokana na herufi D: katika ushairi wa Kisomali kila mstari sharti ubebe neno linaloanza kwa sauti ile ile, mwanzo hadi tamati. Makumi ya washairi walijibizana, wengine wakiikosoa serikali ya Siad Barre, wengine wakiitetea, na kanda zikanakiliwa na kusafiri kila walikokuwa Wasomali. Penye kanda palihitajika mfumbuzi.

Sasa turudi kwenye video. Majuzi nililetewa moja kuhusu Jacayl Dhiig Ma Lagu Qoray, utunzi wa Hadraawi kwa sauti ya Magool, unaouliza kama mapenzi yamewahi kuandikwa kwa damu. Kijana alisimulia kisa cha barua iliyoandikwa kwa damu kweli kweli. Kisa hicho ni maarufu, ila husimuliwa kwa namna kadhaa, naye akachagua moja, akaisema kama ripoti ya polisi. Hapo ndipo ninapomkosa dereva wangu. Yeye angetaja zote tatu au nne, akaulizia chai.

Video ya wiki hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Ilikuwa ya wimbo ambao mwaka ule wa 1985 nilimwomba dereva anieleze. Alinitazama, akasema, "Huo ni wa mapenzi tu, mwalimu," akabadilisha kanda. Niliandika hivyo daftarini, na kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi hivyo hivyo. Kijana wa video anasema msichana wa wimbo ni ardhi. Mwanafunzi wangu naye anasema mamake hucheka akisikia fasiri zote mbili, lakini hasemi ya tatu.

Dereva alikwisha kufariki. Nimemwomba mwanafunzi wangu amrekodi mamake kwa simu, polepole, mstari kwa mstari. Jibu lilikuja jana: mama amekubali, ila kwanza anataka kujua kama huyo mwalimu anayeuliza ni wa serikali.