Vyama vya maziwa na uchumi wa mashinani: Siri imo katika daftari la karani

KABLA jua halijachomoza, vijiji vingi vya Kiambu, Meru, Nyandarua na Nandi huwa vimekwisha kuamka. Mama mmoja hubeba mtungi wa lita tano mkononi, mzee huswaga punda anayekokota mkokoteni, naye kijana wa bodaboda huzunguka boma hadi boma akichukua maziwa ya wale wasioweza kufika barabarani.

Wote huelekea mahali pamoja: kituo cha kukusanyia maziwa. Hapo maziwa hupimwa, na karani huandika jina la mkulima na idadi ya lita. Shughuli hiyo haichukui hata dakika mbili. Hata hivyo, maandishi hayo ndiyo msingi wa biashara nyingi ndogondogo za mashinani, kuanzia duka la chakula cha mifugo hadi karo ya watoto.

Inakadiriwa kuwa takriban asilimia 80 ya maziwa ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo, wengi wao wakiwa na ng'ombe mmoja hadi watatu. Tofauti na mkulima wa kahawa, ambaye hungoja miezi mingi kabla ya kuona malipo ya zao lake, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huvuna mara mbili kila siku.

Lakini ng'ombe peke yake hajengi kijiji. Historia ya sekta hii inaonyesha kwamba maziwa huinua eneo zima pale tu mkulima anapokuwa na hakika kwamba lita alizopeleka leo zitalipwa mwisho wa mwezi. Hakika hiyo inapopotea, ng'ombe huuzwa na maduka hufungwa.

Chimbuko la vyama

Ushirika nchini ulianzishwa na walowezi Wazungu. Chama cha kwanza kilianza mwaka 1908 huko Lumbwa, mji ambao leo waitwa Kipkelion. Mwaka 1925 walowezi wakaunda Kenya Co-operative Creameries (KCC), iliyokuja kutawala soko la maziwa kwa miongo mingi.

Mwafrika aliachwa nje ya biashara hii kwa muda mrefu. Mlango ulianza kufunguka baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ambao uliwaruhusu wakulima Waafrika kupanda mazao ya kuuza na kufuga ng'ombe wa gredi. Bodi ya Maziwa ya Kenya iliundwa mwaka 1958 kwa sheria ya kusimamia sekta hiyo.

Chama cha wafugaji wa Githunguri, Kiambu, kilianzishwa mwaka 1961 kikiwa na wanachama 31. Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi yalipogawanywa, ng'ombe wa gredi walisambaa katika mashamba madogo na vyama vya aina hiyo vikaongezeka.

Miaka ya themanini, ufugaji wa ng'ombe ndani ya zizi ulihimizwa katika maeneo yenye watu wengi na ardhi haba. Mkulima mwenye ekari moja aliweza kupanda nyasi za nepia ukingoni mwa shamba, akamlisha ng'ombe papo hapo na kurudisha samadi shambani.

Anguko lililoacha funzo

Mwaka 1992 serikali ililegeza soko la maziwa. Bei ikaachiliwa huru, na kampuni za kibinafsi zikaruhusiwa kushindana na KCC mijini. Wakati huohuo, huduma za mifugo zilizokuwa zikigharimiwa na serikali, kama vile josho na upandishaji wa ng'ombe kwa mbegu ya fahali bora, zilipunguzwa na kuachiwa wenye mifugo wajigharimie.

KCC, iliyokuwa imeelemewa na madeni na usimamizi mbaya, ilishindwa kustahimili. Wakulima wengi walipeleka maziwa kwa miezi mingi bila kulipwa. Kampuni hiyo iliuzwa mwaka 2000, kisha serikali ikaichukua tena mwaka 2003 na kuifufua kwa jina la New KCC.

Vyama vya mashinani navyo vilikuwa na masaibu yao. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 ilipunguza sana mamlaka ya serikali ya kuvisimamia. Uhuru huo ulikuwa mzuri kwa nia, lakini katika vyama vingi kamati ziliutumia kukopa ovyo na kuuza mali bila idhini ya wanachama. Marekebisho ya mwaka 2004 yalirejesha sehemu ya usimamizi huo.

Si vyama vyote vilivyozama. Githunguri ilifungua kiwanda chake mwaka 2004 na kuanza kuuza maziwa kwa jina la Fresha. Badala ya kumngoja mnunuzi wa mbali aamue bei na siku ya malipo, wakulima waliingia wenyewe katika soko la Nairobi. Huko Meru nako, vyama vya wafugaji huuza maziwa yao kupitia kiwanda chao kwa jina la Mount Kenya Milk.

Maziwa hupitia wapi?

Maziwa yanapofika kituoni, kwanza hunuswa na kutazamwa. Kifaa kiitwacho laktomita hutumbukizwa kuonyesha kama yameongezwa maji. Kisha maziwa kidogo huchanganywa na spiriti. Yakigandamana, yameanza kuharibika na hukataliwa.

Ukali huu haumpendezi mkulima aliyetembea kilomita tatu, lakini una sababu. Mtungi mmoja wa maziwa mabovu ukimiminwa ndani ya tangi, waweza kuharibu maziwa ya wakulima mia mbili.

Yaliyokubaliwa hupozwa hadi kiwango cha nyuzi nne za joto, ambapo viini huzaana polepole sana. Bila mtambo wa kupoza, maziwa yana saa chache tu za kuishi. Mkulima asiye na mahali pa kupoza hulazimika kumuuzia yeyote apitaye, kwa bei atakayotajiwa.

Lori la kiwanda hufika kuyachukua, na mwisho wa mwezi chama hulipwa kwa jumla ya lita. Chama hujiondolea gharama zake, hukata madeni ya mwanachama, kisha hutuma salio kwa benki, chama cha akiba na mikopo au, tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2007, kwa M-Pesa.

Hesabu ya kijiji kimoja

Mfano huu waonyesha uzito wa jambo lenyewe. Chukua kituo chenye wakulima 200, kila mmoja akipeleka wastani wa lita nane kwa siku. Jumla ni lita 1,600. Mkulima akilipwa Sh45 kwa lita, kijiji hicho huingiza Sh72,000 kila siku, yaani zaidi ya Sh2.1 milioni kwa mwezi wa siku 30.

Fedha hizo hazitoki kwa mfadhili wala mwanasiasa, nazo hurudi kila mwezi. Ndiyo sababu siku ya malipo ya maziwa huwa kama siku ya soko: mchinjaji huongeza nyama, mwenye duka hulipwa madeni, naye fundi wa nguo hupata wateja.

Sasa tuseme chama huuza maziwa hayo kwa kiwanda kwa Sh50. Shilingi tano zinazobaki kwa kila lita huwa Sh240,000 kwa mwezi. Hizo ndizo hulipa karani, mlinzi, umeme, dawa ya kusafishia mitungi na mkopo wa mtambo.

Ikiwa nusu ya wakulima watawauzia wachuuzi, kipato cha chama kitashuka hadi Sh120,000. Mlinzi hatakubali nusu ya mshahara, na mtambo bado utahitaji umeme. Hivyo ndivyo vyama vingi hufa: si kwa wizi peke yake, bali kwa kukosa lita.

Biashara zinazochipuka

Chama kinachokusanya maziwa ya kutosha huzaa biashara nyingine. Ya kwanza huwa duka la pembejeo. Mwanachama huchukua gunia la chakula cha ng'ombe, madini au dawa ya kupe bila kutoa pesa taslimu, na deni hukatwa katika maziwa yake.

Kwa njia hii, daftari la karani hufanya kazi ya hati ya shamba. Mkulima asiye na dhamana ya kupeleka benki aweza kukopa kwa nguvu ya lita zake za miezi sita iliyopita. Vyama vingi vya maziwa vimezaa vyama vya akiba na mikopo, maarufu kama Sacco. Sacco zinazopokea amana za wateja husimamiwa chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2008.

Wengine hunufaika bila kuwa na ng'ombe hata mmoja. Wapo vijana wanaosafirisha maziwa kwa pikipiki na kulipwa kwa lita, wanaokata na kuuza nyasi, wanaotengeneza mashine za kukatia nepia, na wataalamu wa mifugo wanaotibu na kupandisha ng'ombe kwa mkopo unaodhaminiwa na chama.

Mtindo huu wa kukifanya kituo cha kupoza maziwa kuwa kitovu cha huduma zote ulisambazwa zaidi na mradi wa East Africa Dairy Development, ulioanza mwaka 2008 chini ya shirika la Heifer International nchini Kenya, Uganda na Rwanda. Tanykina, katika Kaunti ya Nandi, ni miongoni mwa kampuni za wakulima zilizoshiriki.

Vikwazo

Mshindani mkubwa wa chama ni mchuuzi. Sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa nchini hupitia mikononi mwake. Mara nyingi hulipa papo hapo, na wakati wa kiangazi huongeza bei. Mzazi ambaye mtoto wake amefukuzwa shuleni kwa ajili ya karo hawezi kulaumiwa kwa kumuuzia. Ila mvua za masika zinapoleta maziwa tele, mchuuzi huyo hupunguza bei au huacha kupita kabisa.

Tatizo la pili ni gharama ya chakula. Mkulima anayetegemea magunia ya dukani hujikuta analipwa vizuri lakini habaki na kitu, kwani deni limemeza malipo yote. Anayepanda nepia, kuhifadhi nyasi kavu na kuvuna maji ya mvua huwa na nafuu kiangazi kinapofika.

La tatu huzungumzwa kwa nadra, nalo lahusu mama wa nyumbani. Katika jamii nyingi, pesa za maziwa ya asubuhi zilihesabiwa kuwa za mume, na ya jioni yaliachwa kwa matumizi ya mama. Chama kinapoanza kuchukua maziwa ya jioni pia, na malipo yote kupitia akaunti ya mume, anayekama na kukata nyasi aweza kupoteza fedha kidogo alizokuwa nazo. Kusajili wote wawili, au kufungua akaunti ya pamoja, hupunguza dhuluma hiyo.

Wajibu wa kaunti

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti majukumu ya kilimo, mifugo na vyama vya ushirika, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Serikali ya kitaifa nayo imeendelea kuingilia kati katika bei. Mwaka 2024 ilitangaza kwamba New KCC ingewalipa wakulima Sh50 kwa lita.

Mitambo ya kupoza maziwa hupendwa na viongozi kwa kuwa huonekana na hupigwa picha. Lakini mtambo wa lita 5,000 unaopokea lita 800 ni mzigo kwa chama. Barabara inayopitika wakati wa mvua, umeme usiokatika na afisa wa mifugo anayefika vijijini ndivyo huujaza mtambo.

Maswali kabla ya kujiunga

Anayetaka kujiunga na chama cha maziwa ana haki ya kuuliza yafuatayo:

Je, wanachama wamelipwa kwa tarehe iliyoahidiwa katika miezi 12 iliyopita? Jibu bora hutoka kwa majirani, si ofisini.

Je, mkulima hupewa stakabadhi au ujumbe wa simu kila anapopeleka maziwa, nayo mizani hukaguliwa?

Chama hukata kiasi gani kwa kila lita, na fedha hizo hufanya nini?

Hesabu zilizokaguliwa zilisomwa lini mara ya mwisho katika mkutano mkuu wa mwaka, na je, wanachama waliruhusiwa kuuliza maswali?

Chama kina deni gani, na ni nani aliyeidhinisha likopwe?

Mizozo isiyotatuliwa ndani ya chama yaweza kupelekwa kwa afisa wa ushirika wa kaunti, kisha mbele ya Mahakama ya Vyama vya Ushirika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima anayehifadhi stakabadhi zake na kuzilinganisha na malipo kila mwisho wa mwezi hulinda jasho lake, pamoja na mshahara wa karani, duka la jirani na pikipiki ya kijana anayempelekea maziwa alfajiri.