Jinsi ya kujaribu mfumo mpya wa tarakilishi bila kupoteza data

MWISHONI mwa mwaka wa 2025, jirani yangu mmoja ambaye ni mweka hazina wa chama cha akina mama alipoteza hesabu za miaka sita kwa muda usiozidi dakika 20. Alikuwa amesikia kwamba Windows 10, mfumo uliokuwa katika kipakatalishi chake, umeachwa na kampuni iliyouunda. Akamwita kijana mmoja fundi amwekee mfumo mwingine, wa bure. "Ni kubonyeza tu, mama," kijana akamtuliza. Akabonyeza. Mashine ilipowaka tena ilikuwa na sura mpya ya kupendeza, lakini michango, mikopo na faini za wanachama zilikuwa zimetoweka.

Kijana yule hakuwa laghai. Mashine ilimuuliza, kwa lugha iliyo wazi kabisa, iwapo anataka diski nzima ifutwe, naye akakubali kwa sababu hilo ndilo jibu lililokuwa la kwanza katika orodha. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kuujua mfumo mpya ni lazima uuweke. Si lazima. Ipo njia ya kuuendesha mfumo mzima katika tarakilishi yako kwa siku nyingi upendavyo bila kuandika hata herufi moja katika diski yake, na njia hiyo imekuwapo kwa zaidi ya miaka 20.

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoiamsha tarakilishi na kusimamia kibodi, skrini, diski na programu nyingine zote. Microsoft ilizindua Windows 10 mnamo Julai 2015 na ikakoma kuihudumia kwa kawaida Oktoba 14, 2025. Mashine hazikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni marekebisho ya bure ya usalama, yale yanayoziba matundu ambayo wadukuzi huyagundua kila mwezi. Watumiaji wa kawaida waliojiandikisha waliongezewa muda hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inahitaji chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, kumbukumbu ya gigabaiti nne, nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, na prosesa isiyo ya kale. Vipakatalishi vingi vilivyokwisha kutumika ng'ambo kabla ya kufika katika maduka ya jijini Nairobi havitimizi masharti hayo, ingawa bado vina nguvu za kutosha kuandika barua na kupiga hesabu. Ndiyo maana watu wengi wameanza kuuliza kuhusu Linux.

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Helsinki, Finland. Haiuzwi, na hutolewa kwa matoleo mengi yenye majina tofauti. Mawili yanayomfaa mgeni ni Ubuntu na Linux Mint. Ubuntu ilianzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu".

Mtu aliyeeneza mbinu ya kuonja kabla ya kununua, tukiweza kuiita hivyo, ni Mjerumani Klaus Knopper. Mwaka wa 2000 alitoa Knoppix, mfumo kamili wa Linux uliojiendesha kutoka kwenye sidii peke yake. Sidii ilisomwa, mfumo ukapakiwa katika kumbukumbu ya kazi ya mashine, na diski iliyomo ndani haikuguswa. Ukizima tarakilishi na kuitoa sidii, mambo yote hurudi yalivyokuwa. Ubuntu iliichukua mbinu hiyo, na kwa miaka kadhaa ikawatumia watu sidii bila malipo kwa njia ya posta katika nchi nyingi za dunia, hadi mwaka wa 2011.

Lakini Juni 2006, katika toleo la 6.06, Ubuntu iliunganisha sidii ya kujaribu na ile ya kusakinisha zikawa kitu kimoja. Kwa urahisi lilikuwa jambo jema. Kwa usalama, tangu hapo kitufe cha kujaribu na kitufe cha kusakinisha vinakaa karibu kama pua na mdomo. Jirani yangu angekuwa na hesabu zake leo kama fundi angekijua kimoja kisicho kingine.

Kabla ya lolote, nakili kazi zako. Nakala moja iwe katika diski ya nje ambayo utaichomoa na kuiweka mbali na meza, na nyingine, ya yale usiyoweza kuyapata tena, iwe katika hifadhi ya mtandaoni. Usisahau nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari. Kisha fungua faili mbili tatu kutoka katika nakala hiyo, ikiwezekana katika tarakilishi nyingine, kwa maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Jambo la pili husahauliwa hata na mafundi. Vipakatalishi vingi vya Windows 10 na 11 huifunga diski kwa msimbo wa siri unaoitwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ukigeuza mipangilio ya kuwaka kwa mashine, Windows inaweza kukataa kufunguka hadi uipe ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huwekwa katika akaunti yako ya Microsoft. Utafute na uuandike kwenye karatasi kabla hujaanza, si baada ya kufungiwa nje.

Sasa pakua mfumo wenyewe kutoka katika tovuti rasmi ya mradi, wala si kutoka kwa rafiki wa rafiki. Ni faili moja kubwa ambayo jina lake huishia kwa herufi ISO. Ya Linux Mint ni takriban gigabaiti tatu na ya Ubuntu ni karibu maradufu, kwa hivyo bando ya siku moja huenda isitoshe. Kando ya faili hiyo tovuti huonyesha alama ya utambulisho ya herufi na tarakimu 64 iitwayo SHA256. Katika Windows, fungua dirisha la amri, uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na mashine itaikokotoa alama ya faili uliyo nayo. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili hiyo itupe.

Wapo watakaoona huo ni udhia wa bure. Februari 20, 2016, wadukuzi waliingilia tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza wageni kwenye nakala ya mfumo iliyotiwa mlango wa siri wa kuwaruhusu kuidhibiti mashine kutoka mbali. Wenye mradi walipogundua walifunga tovuti na kutangaza alama sahihi ili kila aliyepakua siku hiyo alinganishe. Aliyejua kulinganisha alijua msimamo wake katika dakika moja.

Faili ya ISO haiwekwi katika flashi kwa kunakiliwa kama wimbo. Huandikwa kwa programu maalumu kama vile Rufus au balenaEtcher, ambazo ni za bure. Flashi ya gigabaiti nane yatosha, ingawa ya 16 ni bora, na chochote kilichokuwamo kitafutwa. Hakikisha umeichagua flashi katika orodha na si diski ya nje uliyoinakilia kazi zako; chomoa diski hiyo kwanza na shaka itaisha.

Zima Windows kabisa. Kuzima kwa kawaida mara nyingi ni usingizi mzito tu unaoiacha diski katika hali ya nusu kazi, kwa hivyo shikilia kitufe cha Shift unapobonyeza neno la kuzima. Chomeka flashi, washa mashine, na papo hapo ugonge kitufe cha kuchagua mahali pa kuanzia: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, Esc kisha F9 kwa HP nyingi. Chagua flashi. Linux Mint itafunguka moja kwa moja kwenye meza yake ya kazi, ikiwa na alama ya kusakinisha pembeni, usiiguse. Ubuntu itakuuliza kama unataka kujaribu au kusakinisha. Jibu ni kujaribu.

Ukiwa humo, fahamu mambo mawili. Mfumo unaosomwa kutoka katika flashi huenda polepole kuliko uliomo katika diski, kwa hivyo usiuhukumu kwa mwendo. Na ingawa mfumo hauandiki chochote katika diski yako kwa hiari yake, wewe unaweza. Diski ile inaonekana katika orodha ya mahali pa kuhifadhia. Ukiifungua na kufuta faili, imefutika kweli. Wakati wa majaribio, heri usiifungue kabisa.

Hapa ndipo wengi hufanya jaribio lisilo na faida. Hutazama picha za ukutani, hufungua kivinjari, husifu au kulaumu rangi, kisha huamua. Jaribio la maana ni kuifanya kazi yako ya Jumatatu. Je, WiFi inashika? Kadi za zamani za Broadcom husumbua hasa, nazo huhitaji programu ya ziada. Printa ya ofisini inachapa? Modemu, kamera, spika na maikrofoni vinafanya kazi katika mkutano wa mtandaoni? Funga kifuniko cha kipakatalishi, ukifungue baada ya dakika kumi, uone kama kitaamka. Fungua kurasa za benki na za serikali unazozitumia kila mwezi.

Nyaraka ndizo hasa za kuangaliwa. Ubuntu na Mint huja na LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, ile ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri kwa Kiswahili mwaka wa 2004 wakaiita Jambo OpenOffice. Barua za Word hufunguka vyema kwa sehemu kubwa, ila mpangilio wa kurasa huweza kusogea. Majedwali ya Excel yenye makro, yaani amri ndogondogo zilizofichwa ndani yake, ni habari nyingine. Kama mishahara, ushuru au mikopo yako inategemea jedwali la namna hiyo, anza na hilo.

Kazi ya siku moja haitoshi, na flashi ya kawaida husahau kila kitu ukizima. Rufus hukuruhusu kutenga sehemu ya flashi ya kukumbuka mipangilio na faili, nami napendekeza utumie njia hiyo kwa muda wa wiki mbili. Saa ya Windows ikirudi nyuma kwa muda wa saa tatu katika kipindi hicho, usishtuke. Linux hupenda kuweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya kimataifa, ilhali Windows hudhani ni majira ya hapa, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Irekebishe katika mipangilio.

Ipo pia njia ya kuendesha mfumo mpya ndani ya dirisha la ule wa zamani kwa programu kama VirtualBox. Ni salama na yafaa kwa kujifunza, mradi mashine ina kumbukumbu ya gigabaiti nane au zaidi, ila haitakwambia lolote kuhusu WiFi wala printa. Kwa anayehamia Windows 11 kutoka Windows 10, hakuna flashi ya kuonjea. Kuna siku 10 za kurudi nyuma baada ya kupandisha, nazo zikipita mfumo wa zamani huondolewa.

Ukiridhika, usifute. Mifumo miwili inaweza kukaa katika diski moja, lakini kugawa diski kuna hatari zake. Njia ninayoiamini, kwa kipakatalishi kinachoweza kufunguliwa, ni kununua diski mpya ya SSD, kuitoa ile ya zamani pamoja na kila kilichomo, na kuusakinisha mfumo katika mpya. Ukijuta, bisibisi na dakika 15 zitakurudisha ulikotoka.

Katibu wa chama kile, aliyeyaona yaliyompata mwenzake, alinijia Januari 2026 na kipakatalishi chake. Tulifanya kama nilivyoeleza hapa, kwa wiki mbili. WiFi ilishika, printa ilichapa, barua zilifunguka. Jedwali la kukokotoa riba za mikopo, lililotengenezwa na mtu aliyekwisha hama mji, lilikataa katakata. Akaamua kubaki na Windows 10 katika ule muda wa nyongeza hadi Oktoba, huku akitafuta mtu wa kuliandika jedwali upya. Mweka hazina naye amerejesha karibu nusu ya hesabu zake kutoka katika daftari za wanachama na picha za risiti zilizokuwa katika simu zao. Nusu iliyobaki bado wanaijadili kila wakutanapo.