Kionga na Hakimu Ambaye Hakuitwa

Kati ya 1886 na 1919, mwenye Kionga, kipande cha pwani kusini mwa mlango wa Mto Ruvuma, aliamuliwa mara kadhaa, na hata mara moja shauri halikupelekwa kwa msuluhishi. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 yaliuhesabu ukanda wa Sultani wa Unguja kuanzia Mto Minengani, kwenye ghuba ya Tungi, na Ureno haikuwa na sauti humo. Desemba mwaka huohuo Ureno ikapatana na Ujerumani kwamba mpaka wao ni Ruvuma. Februari 1887 ikaipiga Tungi kwa mizinga. Ujerumani, iliyonunua haki za Sultani pwani kwa maki milioni nne mwaka 1890, iliitwaa Kionga mwaka 1894. Wareno wakaichukua Aprili 1916, na 25 Septemba 1919 Baraza Kuu la washindi wa vita likaitangaza Ureno kuwa mwenyewe wa asili na wa halali. Ni pembetatu ya kilomita za mraba 400 hivi, na madai yote matatu, ya Sultani, ya Mjerumani na ya Mreno, yalikuwa na karatasi zake. Nashikilia kwamba hasara kubwa ya Kionga ni kukosa hukumu yenye sababu zilizoandikwa, kwa maana njia ya kuipata, yaani usuluhishi, ilikuwapo.

Aliyeijenga njia hiyo kuliko wengi ni Mrusi, Friedrich Martens, aliyezaliwa Pernau mwaka 1845, akawa profesa wa sheria ya mataifa St. Petersburg na mshauri wa wizara ya mambo ya nje ya Urusi. Aliketi katika Mkutano wa Brussels wa 1889 hadi 1890, ambao mkataba wake dhidi ya biashara ya watumwa uligusa bahari hii yote, kutoka Baluchistan hadi Quelimane. Mwaka 1897 alikata peke yake shauri la meli Costa Rica Packet kati ya Uingereza na Uholanzi. Katika mkataba wa Hague wa 1899 aliacha kifungu chenye jina lake, kwamba pale sheria inaponyamaza, watu wabaki chini ya ulinzi wa ubinadamu. Na pwani yetu iliuonja usuluhishi mapema: Agosti 1889 Baron Lambermont wa Ubelgiji aliamua shauri la Lamu kati ya Waingereza na Wajerumani, akapima barua na ahadi zilizodaiwa kutolewa na Sultani, akaona Wajerumani hawakuthibitisha dai lao. Basi kama Lamu iliwezekana, kwa nini Kionga isiwezekane miaka mitano baadaye?

Atakayenipinga ana silaha nzuri, nayo inatoka kwa Martens mwenyewe. Mwaka 1899 aliongoza baraza la Paris lililogawa ardhi kati ya Venezuela na Guiana ya Uingereza, na hukumu ile ilitoka bila sababu hata moja. Nakubali, na inauma. Lakini tazama yaliyofuata: ukimya ule ulilifanya shauri lisife, na tangu 2018 liko mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Hukumu mbovu bado ni kitu cha kushikwa na kuhojiwa. Kionga haina hata hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wenyeji wasingesikilizwa. Ni kweli kwamba Martens aliamini sheria ya mataifa ni ya mataifa aliyoyaita yaliyostaarabika, na wengine wako nje yake. Kwa hiyo kifungu chake cha ubinadamu hakikumfikia mpagazi aliyelazimishwa kubeba mizigo ya jeshi la Ureno bondeni mwa Ruvuma mwaka 1916. Hata hivyo msuluhishi yeyote angelazimika kuuliza nani alitoza ushuru Kionga, na kwa jina la nani watu waliamuliwa kesi zao. Majibu ya maswali hayo walikuwa nayo wazee na makadhi wa pwani hiyo. Berlin na Lisbon hawakuwa nayo, na walipokaa wawili kupatana juu ya Kionga baada ya Ujerumani kuitwaa mwaka 1894, hawakuwa na haja ya kuuliza.