Uliacha michezo? Linda uzito na afya yako

Kama uliwahi kucheza mpira au kukimbia mashindano, kisha ukaacha kwa sababu ya umri, jeraha au kuhama kwenu, habari hii inakuhusu, uwe mkimbizi au mwenyeji wa Sop Sop, Tororo au Busia.

Kwa nini uzito hupanda?

Mchezaji anayefanya mazoezi kila siku huhitaji chakula kingi. Akiacha, mwili huhitaji kidogo, lakini posho na chapati hubaki zilezile. Misuli hupungua, mafuta huongezeka tumboni. Kazi ya kukaa, kama bodaboda au dukani, huzidisha tatizo. Baadaye huweza kufuata presha, kisukari na maumivu ya magoti, hasa goti lililoumia uwanjani. Mazoezi ya zamani pekee hayakulindi.

Mfano wa Henry Rono

Mwaka 1978 Mkenya huyu alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81. Baadaye pombe ilimzidi, akanenepa, na kuna wakati alikosa hata makazi huko Marekani. Alipoacha pombe alirudi kufanya mazoezi akiwa na zaidi ya miaka 50, na uzito ukapungua. Nawe hujachelewa.

Ufanye nini?

- Pima kiuno. Kata kamba yenye urefu sawa na kimo chako, ikunje katikati iwe nusu, kisha izungushe usawa wa kitovu. Ncha zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi.
- Pima presha na sukari. Ikiwa presha ni 140/90 au zaidi, rudi upimwe tena. Kiu kali na kukojoa mara kwa mara ni dalili za kisukari.
- Anza polepole. Lenga dakika 30 za kutembea haraka, siku 5 kwa wiki. Kulima na baiskeli pia ni mazoezi. Ukisikia maumivu ya kifua, acha na uende kituo cha afya mara moja.
- Punguza posho, soda, sukari na pombe. Ongeza maharagwe na mboga za majani.
- Usinunue dawa za kupunguza uzito sokoni.

Nchini Uganda, vituo vya afya vya serikali huhudumia wakimbizi na wenyeji. Muulize VHT wa kijiji chako kituo kilicho karibu.

Ukiwa na huzuni tangu uache mchezo, mwambie mhudumu wa afya. Hilo si aibu.