Sauti na Muziki katika Michezo ya Video: tangu "Pong" hadi "Baba Yetu"

Jina lenyewe limetupotosha. "Video" ni neno la Kilatini lenye maana ya "naona", na kwa hiyo wengi, hata miongoni mwa wasomi, wameuhesabu mchezo wa video kuwa jambo la macho na vidole tu. Sauti zake huchukuliwa kuwa makelele ya watoto, yanayomkera jirani. Katika kurasa hizi tunakusudia kuisikiliza historia ya mchezo huo badala ya kuitazama. Sikio ndilo chombo cha kwanza cha mwanaisimu, na safari hii, kama msomaji atakavyoona, hutufikisha kwenye Kiswahili chenyewe.

Mwaka 1972 kampuni ya Marekani iitwayo Atari ilitoa "Pong", mfano wa tenisi ya mezani wenye vijiti viwili na nukta moja ya mwanga. Mhandisi aliyeuunda, Allan Alcorn, alitakiwa na mkuu wake, Nolan Bushnell, atie humo sauti ya umati unaoshangilia. Alcorn hakuwa na vifaa vya kufanya hivyo. Alichunguza saketi iliyokwisha kuwamo ndani ya mashine kwa kazi ya kupanga picha, akakuta humo mitetemo iwezayo kusikika, akaitumia. Ndivyo ulivyopatikana ule mlio mkavu wa mpira unaogonga kijiti. Yafaa kuzingatia kwamba mlio huo hauigi chochote: hakuna mpira duniani unaolia hivyo. Lakini kugonga kijiti kuna mlio wake, kugonga ukuta kuna wake, na kuukosa mpira kuna wake. Kwa istilahi za Saussure, hizo ni ishara za nasibu, zenye thamani kwa sababu zinatofautiana. Mchezaji huzijifunza kwa dakika mbili, wala hakuna anayemfundisha.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa nchini Japani mwaka 1978, Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alipotoa "Space Invaders". Safu za maadui hushuka polepole kutoka juu, naye mchezaji huwapiga mmoja mmoja. Chini ya milio ya risasi husikika noti nne nzito zinazoshuka, zikirudiwa bila kikomo, kama mapigo ya moyo. Kadiri maadui wanavyopungua, ndivyo waliosalia wanavyokwenda mbio. Kasi hiyo haikukusudiwa tangu mwanzo. Prosesa dhaifu ya wakati ule, ikiwa na picha chache za kuchora, ilifanya kazi upesi zaidi; Nishikado alipoliona hilo aliliacha liwe sehemu ya mchezo. Noti nazo zikaandamana na mwendo. Hapo sauti ilikoma kuwa pambo: ilimpa mchezaji habari ya hali yake kabla hajahesabu maadui waliobaki. Aliyewahi kuucheza atakiri kwamba mikono huanza kutetemeka noti zinapokimbizana, ingawa noti ni zile zile nne.

Sisi watu wa Kongo tuna sababu ya kulielewa jambo hili upesi. J. F. Carrington, katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya ngoma zinazosema, alieleza jinsi Walokele wa Yakusu, karibu na Kisangani, walivyopeleka habari kwa toni mbili tu za gogo lililochimbwa. Kwa kuwa maneno mengi yana toni sawa, mpigaji hurefusha usemi, akiongeza mafungu ya maneno yaliyozoeleka hata maana ibainike. Bila shaka noti za Nishikado si lugha: hazina sarufi, wala hakuna neno nyuma yake. Ila swali ni moja, yaani namna chombo chenye sauti chache kinavyoweza kusema mengi. Ngoma ililijibu kwa urefu wa usemi; mashine ililijibu kwa mwendo.

Mwaka 1983 Nintendo iliuza huko Japani mashine ya nyumbani iliyoitwa Famicom. Chipu yake ilikuwa na njia tano za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, zilizofaa kwa lahani; moja ya mawimbi ya pembetatu, kwa ajili ya besi; moja ya mvumo, iliyoshika nafasi ya ngoma; na moja ya vipande vifupi vilivyorekodiwa. Kwa vifaa hivyo vya kimaskini Koji Kondo, kijana aliyeingia Nintendo mwaka 1984, alitunga muziki wa "Super Mario Bros." uliotoka mwaka 1985. Rasimu yake ya kwanza aliitupa, kwa sababu haikulingana na mwendo wa Mario anayekimbia na kuruka. Tunaona kwamba uamuzi huo una uzito kuliko lahani yenyewe, ijapokuwa lahani ndiyo iliyopata umaarufu: mtunzi aliupima muziki kwa mwili wa mchezaji. Chini ya maji muziki hugeuka kuwa waltzi ya mapigo matatu; pangoni hubaki noti chache zinazokatwa na kimya; hesabu ya wakati ikishuka chini ya 100, wimbo ule ule huharakishwa.

Kuna jambo jingine, dogo, ambalo hutupendeza zaidi. Mario anaporuka, mlio wa kuruka huazima njia mojawapo ya mawimbi ya mraba, na sauti inayoiandama lahani hunyamaza kwa muda huo. Maana yake ni kwamba mchezaji, pasipo kujua, huutoboa muziki kwa kidole chake. Wala halisikii pengo. Sikio hulijaza, kama lijazavyo silabi iliyomezwa na msemaji mwenye haraka. Mwezi wa Aprili 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliutia wimbo huo katika orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa kwa taifa, wa kwanza kutoka katika mchezo wa video.

Baadaye vifaa viliongezeka. Mwaka 1991 Michael Land na Peter McConnell wa kampuni ya LucasArts walitumia katika "Monkey Island 2" mfumo ulioufanya muziki ubadilike bila kukatika, mchezaji anapotoka chumba kimoja kuingia kingine. Kisha zikaja diski, zilizoleta okestra nzima. Lakini wimbo uliokwisha rekodiwa ni mgumu kuukunja, na kwa miaka kadhaa muziki ulikuwa mtamu zaidi na mtiifu kidogo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitolewa mwaka 1997 na Kenji Eno. Baada ya kukutana na vipofu waliokuwa wakiicheza michezo yake, alitengeneza "Real Sound: Kaze no Regret" kwa mashine ya Sega Saturn, mchezo usio na picha hata moja. Hadithi husikilizwa, nayo kengele humjulisha mchezaji kwamba ni zamu yake kuchagua. Wanaosema kwamba sauti ni nyongeza tu watwambie basi, hapo imeongezwa juu ya nini.

Twaja sasa kwenye lugha yetu. Oktoba 2005 ulitoka mchezo wa Kimarekani "Civilization IV", ambamo mchezaji huanzisha taifa mwaka 4000 kabla ya Kristo na kuliongoza kupitia karne zote. Mtunzi Christopher Tin, aliyesoma Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na Soren Johnson, msanifu wa mchezo huo, aliuandikia wimbo wa ufunguzi, "Baba Yetu", yaani Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, tuzo ya kwanza ya aina hiyo kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video.

Furaha yetu ina mpaka. Wimbo husikika wakati dunia inaonekana kutoka angani na historia bado haijaanza. Kwa mchezaji asiyejua Kiswahili, lugha hii hugeuka kuwa sauti ya asili ya binadamu, kana kwamba haina tarehe. Ilhali Kiswahili ni lugha ya bandari na ya karatasi. Utenzi wa Tambuka uliandikwa mwaka 1728, na huku kwetu mashariki ya Kongo lugha ilifika na misafara ya biashara katika karne ya 19. Kuiweka kabla ya historia ni kuinyima historia yake. Kwa upande mwingine, neno "yetu" hurudiwa humo kuliko sarufi inavyodai, kwa ajili ya mdundo, na asikiaye bila kuelewa hubaki nalo. Kwaya za Ulaya na Marekani huuimba wimbo huo jukwaani hadi leo. Mwimbaji mgeni, akikutana na "mb" mwanzoni mwa neno, huelekea kutanguliza irabu, na silabi moja ikazidi katika mstari. Hapo mwalimu wa fonolojia ya Kiswahili ana kazi ya kufanya, nasi tungependa aanze kwa kuwauliza wanafunzi wake kama wamewahi kuusikia.